Nyasi za Miaka Kumi

Barua ya Chenge ilikuwa na mistari minne. Baba yako amekataa kuhama. Lori linakuja Ijumaa asubuhi. Watu wakishaondoka nyumba zinabomolewa. Njoo mwenyewe, sisi tumeshindwa.

Ilinifikia Jumanne, Septemba 1974, nikiwa darasani Mkolani. Nilimaliza kipindi cha hesabu kwanza, maana watoto arobaini na nane hawakuwa na kosa lolote, kisha nikaenda kwa mwalimu mkuu kuomba ruhusa ya siku tatu.

"Kuna mgonjwa?" akauliza.

"Kuna mbishi," nikasema.

Akanipa siku tatu.

Jioni nilipakia gunia tupu, kamba, sabuni na mkate. Mume wangu Nkwabi alikuwa ametoka zamu kiwandani, nyuzi za pamba zimemjaa kichwani kama mvi. Aliniangalia nikifunga kamba.

"Mwambie mkwe wangu chumba kipo," akasema. "Kama hataki kuniona, mimi nitakuwa napita mlango wa nyuma."

Alisema kwa kucheka, lakini nilimjua. Huu ulikuwa mwaka wa nane wa ndoa yetu, na baba yangu alikuwa hajavuka maji hata mara moja kuja kwetu. Hakuja harusini. Hakuja nilipojifungua Adventina, wala watatu waliofuata. Sisi ndio tuliokuwa tukivuka kwenda kwake, sikukuu hadi sikukuu, naye aliwabeba wajukuu, alizungumza na Nkwabi vizuri tu habari za mvua na bei ya pamba, na tukiagana alitusindikiza mpaka kwenye uzio na kusimama hapo. Nilishaamua kitambo sababu ni nini. Baba ni Mhaya wa Ihangiro, alisoma seminari miaka sita, na mimi nimeolewa na Msukuma wa kiwandani. Sikumwuliza. Mimi si mtu wa kuuliza jambo ambalo jibu lake nalijua.

Jumatano asubuhi nilipanda basi hadi Kigongo, nikavuka kwa kivuko hadi Busisi, kisha nikatembea saa moja na nusu. Njia ilijaa watu wanaokuja upande wangu. Wanaume walibeba milango kichwani. Akina mama walibeba miiko, kuku, mitungi. Hakuna aliyeimba. Kijiji kipya cha ujamaa kilikuwa kando ya barabara kuu, viwanja vimepimwa kwa kamba, mstari hadi mstari, na kila familia ilipewa namba iliyoandikwa kwa chaki kwenye kijiti.

Nyumba ya baba ilikuwa peke yake, paa likiwa bado zima. Majirani wote walishaezua. Chenge, balozi wa nyumba kumi, alikuwa juu ya boma la nyumba yake akifungua fito, na mkewe Getruda akizipokea chini.

"Mwangaluka, mwalimu," Chenge akaita. "Umemletea pingu?"

"Nimeleta kamba."

"Itatosha? Mimi nimembembeleza kwa Kisukuma, katibu kata kwa Kiswahili, padri kwa sijui nini. Ananijibu 'asante, balozi', halafu anakaa."

Nilimkuta amekaa kweli, chini, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha juu ya nyasi kavu zilizotandazwa upande wote wa kushoto wa chumba. Hapo ndipo alipokuwa akilala siku zote. Kitanda cha mninga nilichomnunulia kwa mshahara wangu wa kwanza kilikuwa upande wa pili, kimepangwa mihogo mikavu na vitabu vyake vya Kilatini.

"Shikamoo, Taata."

"Marahaba, Eugenia. Watoto?"

"Wazima. Ijumaa unakwenda kuwaona."

"Mwanangu, mimi sihami."

"Ni kwa sababu ya kaburi?"

Alitazama nje, mahali mama yangu Leonsia alipolala, chini ya migomba. "Kaburi halinishiki. Aliyemo angekuwa wa kwanza kuniambia niende."

"Basi ni nini?"

Aliniuliza kama nimekula.

*

Inabidi nieleze jinsi tulivyoamshwa nyumbani kwetu, maana bila hilo lililobaki halitaeleweka.

Baba aliacha seminari mwaka mmoja kabla ya falsafa, macho yalipoanza kumsumbua, akamwoa mama, akatumwa huku Usukumani kuwa katekista. Alipanda migomba kwenye udongo usiopenda migomba, kwa sababu Mhaya bila kibanja hajui asimame wapi. Kilatini alibaki nacho kama mtu anayebaki na suti moja. Kila alfajiri alisimama mlangoni pa chumba chetu na kusema neno moja: "Surge."

Maana yake ni inuka. Lakini hakuishia hapo, hakuwahi kuishia hapo. Alitufundisha kwamba ndani ya neno hilo yamelala maneno mawili, moja la chini na moja la kunyoosha, kwa hiyo anayeinuka anajinyoosha kutoka chini, kama mche. Alitufundisha kwamba Kiswahili na Kilatini ni ndugu waliokosana nguo: sisi tunaivisha kitenzi kofia, ni-na-inuka, wao wanakivisha viatu, surg-o. Surge ni amri kwa mtu mmoja. Surgite ni kwa wengi. Na jibu lilikuwa moja tu lililokubalika: surgo, ninainuka. Tena ulisema huku miguu yako ipo sakafuni.

"Surgo ni wakati uliopo," alikuwa akisema. "Ukiisema umelala, umesema uongo asubuhi na mapema."

Kaka yangu Clavery, Mungu amrehemu, siku moja alijifunika shuka akajibu surgam, nitainuka. Baba akamvuta mguu. "Surgam ni neno la wavivu na la wafu," akasema. "Wewe ni yupi?"

Kwa hiyo mama alipofariki, Oktoba 1964, na mwaka uliofuata nikakuta baba amemtengenezea kaburi la saruji na kuandika juu yake kwa msumari RESURGAM, nitainuka tena, nilielewa. Wafu wanaruhusiwa. Alinieleza siku hiyo, akipitisha kidole kwenye herufi, kwamba umbo hilo ni la ahadi na pia ni la ombi: nitainuka tena, au na niinuke tena. Kilatini hakitenganishi. Nikasema ni neno zuri kwa mama. Akanitazama kidogo, akasema twende tukale.

Mama alipozikwa nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni. Nilikaa msibani siku tatu, nikarudi kwenye mitihani. Nilipata stashahada yangu. Sikulia sana, nilikuwa na kazi.

*

Jumatano nililala kwa Getruda, ndani ya kuta zisizo na paa. Alhamisi mapema nilirudi kwa baba na mpango. Sikuwa na nia ya kubishana tena. Ningefunga vitu vyote vizuri, ningefagia, na lori likija asingekuwa na mahali pa kukaa isipokuwa garini. Ndivyo ninavyowahamisha watoto darasani, unatoa madawati kwanza.

Nilipakia vitabu kwenye gunia. Nilimimina mihogo kwenye kapu. Baba alinitazama. Kisha nikachukua fagio, nikaanza kuzikusanya zile nyasi.

Alinishika kifundo cha mkono. Alikuwa na umri wa miaka sabini na moja, sikujua bado ana nguvu ile.

"Usiguse nyasi."

"Taata, ni nyasi. Zimejaa viroboto."

"Ni nyasi za mama yako."

Niliweka fagio chini.

Msomaji asiyetoka kwetu na ajue: kwa desturi ya ukoo wetu, mtu akifiwa na mwenziwe hulala chini, kwenye nyasi zilizotandazwa siku ya kifo. Akiwa kwenye nyasi hizo halali kitandani, halimi kibanja chake, havuki maji. Siku ya nne anakuja mwanamume wa ukoo, mkubwa, anamshika mkono wa kulia na kumwinua. Nyasi zinatolewa nje. Mfiwa ananawa uso, anapewa jembe, anapiga kibanja mara moja tu, kisha watu wanakula. Hapo matanga yameisha. Mfiwa hawezi kujiinua mwenyewe, wala hawezi kuomba ainuliwe. Anayeomba amejiinua.

Haya yote niliyajua. Niliyaona Ihangiro, alipofariki bibi yangu. Nilichokuwa sijui ni kwamba siku ya nne ya msiba wa mama, mimi nikiwa ndani ya basi na daftari langu la saikolojia mapajani, hakuja mtu.

"Baba mkubwa Kaijage?" nikauliza.

"Nilimpelekea habari. Alitaka Leonsia avushwe, azikwe kwetu. Nilimzika hapa, maana joto lilikuwa kali na meli ilikuwa ya Jumapili. Akajibu kwamba aliyezika ugenini na wageni wamwinue."

"Na wageni?"

"Wageni walifanya vyao. Walinyoa, wakapika, wakaniambia pole imekwisha. Nikala nao, ningewakatalia vipi? Jioni wakaenda makwao, nikarudi kwenye nyasi."

"Miaka kumi."

"Nyasi nimebadilisha," akasema, kama anayejitetea kwa usafi. "Zikichakaa naongeza mpya juu, za zamani sizitoi."

Nilikaa juu ya gunia la vitabu. Nilifikiria kibanja kilichogeuka pori, nilichokuwa nikimsemea kila sikukuu kuwa ni uvivu wa uzee, ilhali shamba lake la mihogo kwa Chenge lilikuwa safi kama uwanja wa shule. Nilifikiria kitanda. Nilifikiria uzio pale alipokuwa akisimama, na kivuko, na Nkwabi na mlango wake wa nyuma.

"Hukuja harusini kwangu," nikasema.

"Maji," akasema.

"Nilidhani humtaki Nkwabi."

Alishtuka kweli. "Nkwabi? Nkwabi ana kosa gani? Anachelewa kumaliza hadithi, basi."

Hapo nilikasirika. Sisemi uongo, nilimkaripia baba yangu. Nilimwambia angeweza kuandika barua. Nilimwambia ana mtoto mwenye stashahada, si jiwe. Watoto wangu wanne wamezaliwa upande wa pili wa maji yale na yeye amekaa huku kwenye majani makavu akingoja mtu ambaye ameshakataa kuja. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulinikuta hapa chini kila ulipokuja," akasema. "Ungeuliza."

Nilitoka nje.

Getruda alikuwa kwenye uzio akinikatia mkate. Alikuwa amesikia yote, kuta za udongo hazifichi kitu. Machozi yalimtoka. "Mwalimu, mimi ndiye niliyekuandikia kwamba matanga yaliisha vizuri. Nilimwona anakula na sisi! Kwetu mtu akishanyolewa akala, amemaliza. Ningejuaje?"

"Hukukosa kitu, dada. Ulifanya zaidi ya ukoo."

Nilienda kaburini. Herufi zilikuwa zimeingia kuvu. Nilizisafisha kwa ukucha, moja moja, na nilipofika kwenye ile ya mwisho niliacha. Mama yangu hakujua Kilatini hata neno moja. Alikuwa akitucheka alfajiri, akisema baba yenu anaamsha watoto kwa lugha ya mizimu. Mwaka mmoja baada ya kumzika, mwanamume mmoja aliyekatazwa kuomba aliandika ombi lake kwenye saruji, akaniita, akanipitishia kidole juu yake, akanieleza umbo lake. Nikamwambia ni zuri.

Chenge alinikuta hapo. Alivua kofia.

"Kesho saa moja lori linaingia," akasema. "Mgambo si watu wa huku, mwalimu. Hawamjui. Kama yumo ndani watamtoa kwa mikono na miguu. Mimi sitaki kuliona hilo."

Mimi pia sikutaka. Nilijua kitu kingine ambacho Chenge hakukijua: mgambo wakimbeba, watakuwa wamemwondoa kwenye nyasi bila kumwinua, na hilo kwa baba ni sawa na kuzikwa akiwa hai. Angevuka maji akiwa matangani. Angekufa Mkolani kwenye sakafu yangu.

Nikarudi ndani.

"Taata, Kaijage alifariki mwaka juzi. Wanawe wako Uganda, hata hatujui kama wazima. Clavery hatunaye. Amebaki nani?"

"Hakuna."

"Nipo mimi."

"Wewe ni mwanamke. Tena umeolewa."

"Nimeolewa, sijafa."

"Mwanamke hainui, Eugenia. Haijawahi kutokea."

"Na kutandika nyasi miaka kumi imewahi kutokea? Nani mwingine amewahi?"

Akasema polepole, "Huniombi ruhusa, nadhani."

"Hapana. Ungenipa, ungekuwa umeomba."

Kona ya mdomo wake ilisogea. Hakusema ndiyo. Kama angesema ndiyo angeharibu kila kitu, na sote wawili tulilijua hilo, kwa hiyo nikamuaga na kwenda kumsaidia Getruda kufunga kuku.

*

Ijumaa niliamka kabla ya jua. Nilichota maji kwenye kata. Chenge alikuwa ameshaondoa jembe lake kwenye mzigo na kulisimamisha ukutani kwa baba, bila kuniuliza. Yeye na Getruda walisimama kwenye uzio, wamevaa kama waendao kanisani.

Nilisimama mlangoni pa chumba, mahali alipokuwa akisimama yeye. Alikuwa amelala ubavu, uso ukutani. Nilijua hajalala usingizi.

"Surge," nikasema.

Mbali, upande wa barabara, niliisikia injini.

Niliingia, nikapiga magoti kwenye nyasi, nikamshika mkono wa kulia. Ulikuwa baridi. Nilitaka kusema maneno ambayo wazee husema, lakini sikuyakumbuka. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja niliposikia. Nilikuwa na neno moja tu la kumwinua mtu, na ni yeye aliyenipa.

"Taata. Surge."

Alifungua macho. Alinitazama kwa muda mrefu hivi kwamba niliogopa nimemkosea, na kwamba atakufa papo hapo kwa aibu, ameamriwa na binti. Kisha akaukunja mguu mmoja. Akaweka kiganja cha kushoto sakafuni. Magoti yalilia. Alikuwa mzito kuliko nilivyotegemea, nikakaza mgongo, nikamvuta kama unavyovuta ndoo iliyojaa, sikumvuta kwa upole. Hakutoa sauti hata alipofika nusu. Alingoja. Nyayo zote mbili zilipokanyaga udongo mtupu, nyasi ziko nyuma yake, ndipo aliposema:

"Surgo."

Nje Getruda alipiga kigelegele, kisha akakikata katikati, hakuwa na hakika kama kinaruhusiwa.

Nilikusanya nyasi kwa mikono. Za juu zilikuwa za njano, za chini zilikuwa vumbi jeusi. Nilitoka nazo mara tano hadi ukingoni mwa kibanja. Alinawa uso. Chenge alimkabidhi jembe kwa mikono miwili, naye baba akaingia kwenye pori lile lililokuwa kibanja, akapiga ardhi mara moja, karibu na miguu ya mama. Udongo ulikuwa mkavu, jembe lilidunda. Akapiga tena, ingawa desturi ni mara moja. Tukala mkate na mihogo ya kuchemsha, tumesimama, wanne, na lori likafika tukiwa bado tunatafuna.

Mgambo kijana akauliza, "Mzee mbishi ni yupi?"

"Alikuwa humu," Chenge akasema. "Ameshahama."

Tulipakia kitanda. Paa liliezuliwa kabla hatujafika kwenye kona. Baba hakugeuka nyuma, mimi ndiye niliyegeuka. Kaburi lilibaki, jeupe, peke yake. Mwaka uliofuata kijiji kililima pamba pale, na Chenge aliniandikia kwamba dereva wa trekta alizunguka saruji, mistari ikapinda. Baada ya hapo sijui.

Lori lilitushusha Busisi. Kivuko kilikuwa kimejaa, watu wamekaa juu ya magunia na vitanda vyao. Baba alisimama kwenye ukingo wa maji kwa muda kidogo, akatazama viatu vyake, akapanda. Msichana mmoja aliyebeba mtoto alisogea kumpisha kwenye gunia la mpunga.

"Kaa, babu, ni mbali."

"Asante, mwanangu. Nimekaa vya kutosha."

Nikamwambia akae, asinitie aibu, atazirai. Alishika chuma cha ukingo kwa mikono miwili, upepo ukimpiga, miguu ikimtetemeka waziwazi ndani ya suruali. Alisimama hivyo mpaka Kigongo, ambako Nkwabi alikuwa akitungoja na mkokoteni wa mizigo, nywele zimejaa pamba.

Baba alimwamkua kwanza yeye. Kisha akamwambia, kwa sauti ya kuomba radhi, "Mkwe, nimechelewa harusi."

Nkwabi alinitazama mimi, hakuelewa. Nikamwambia apakie kitanda, nitamweleza njiani, na kwamba mlango wa nyuma tunaufunga.